Nauli Isiyoandikwa: Foleni Inavyomgharimu Abiria wa Mjini

Kila gari la abiria linalotoa huduma mjini lina nauli yake halali, iliyopangwa kwa umbali, ambayo abiria ana haki ya kuifahamu kabla hajapanda. Ikizidishwa, analalamika, na akilalamika kwa vielelezo, anasikilizwa. Ipo hata hivyo nauli ya pili, ambayo haikubandikwa mahali popote, haikatiwi tiketi, na wala haiishii mfukoni mwa kondakta. Hulipwa kwa saa za usingizi, kwa mafuta yanayoungua gari likiwa limesimama, kwa mteja aliyechoka kusubiri akaondoka, na kwa mtoto aliyechelewa kipindi cha kwanza. Nauli hiyo ni foleni. Makala haya yanaeleza inavyokokotolewa, inavyozaliwa, na kwa nini sehemu kubwa yake humwangukia yule asiye na gari. Mfano wetu ni Jiji la Dar es Salaam, ambalo kwa mujibu wa sensa lilikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na kufikia 5,383,728 mwaka 2022. Anayeishi Mwanza, Arusha au Mbeya ataona mengi yanayomhusu.

Tuanze na hesabu ndogo

Chukulia mfanyakazi anayeishi Mbagala na kufanya kazi Kariakoo. Anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, saa 8 kwa siku, na kipato chake ni shilingi 312,000 kwa mwezi. Kwa hiyo saa moja ya kazi yake ina thamani ya shilingi 1,500. Tuseme foleni peke yake, yaani muda unaozidi ule ambao safari ingechukua barabara ikiwa wazi, humpotezea saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwa mwezi ni saa 52. Kwa mwaka ni saa 624, ambazo ukizigawanya kwa saa nane unapata siku 78 za kazi: miezi mitatu kamili ya ajira, akiwa ameketi au, mara nyingi zaidi, akiwa amesimama na mkono mmoja umeshika bomba.

Je, saa hizo zina thamani gani kwa fedha? Si sahihi kuzihesabu kwa shilingi 1,500 kila moja, kwa sababu kama asingekuwa kwenye foleni si lazima angekuwa kazini. Pengine angekuwa amelala, au anapika, au anakagua daftari la mwanawe. Wachumi wa usafiri, wanapotaka kuwa waangalifu, hukadiria saa ya safari isiyo ya kikazi kwa takribani nusu ya kipato cha saa moja. Kwa mfanyakazi wetu itakuwa shilingi 750. Zidisha kwa saa 624: shilingi 468,000 kwa mwaka. Hicho ni kipato chake cha mwezi mmoja na nusu.

Sasa linganisha na nauli iliyoandikwa. Akilipa shilingi 600 kwenda na 600 kurudi kwa siku 312 za mwaka, atakuwa ametumia shilingi 374,400. Kwa maneno mengine, nauli asiyoiona inazidi ile anayoiona kwa karibu shilingi laki moja. Nauli ya gari ikipanda kwa shilingi mia, mjadala hufika hadi bungeni. Foleni ikiongezeka kwa dakika kumi na tano, watu huamka mapema zaidi na mambo yakaishia hapo.

Msomaji anaweza kuuliza: na yule asiye na mshahara? Mama anayenunua samaki Feri alfajiri ili awauze Tandika hana kipato cha saa. Kwake thamani ya muda haihitaji kanuni ya wachumi, kwa maana imo ndani ya ndoo. Kila nusu saa ya jua inashusha bei ya samaki wale, na barafu anayoongeza njiani ni fedha taslimu. Ndiyo sababu mara nyingine hukodi bodaboda au bajaji ingawa faida yake ni ndogo. Tofauti kati ya nauli ya bodaboda na nauli ya daladala kwa njia ileile ni moja ya mahali pachache ambapo bei ya foleni huonekana kwa macho: ndicho kiasi ambacho mtu yuko tayari kulipa, pamoja na hatari ya ajali, ili asikae humo.

Gharama ya kutojua

Kuna sehemu ya gharama hii ambayo wengi huisahau hata wanapoilalamikia foleni kila siku. Kama safari ingechukua saa mbili kila siku bila kubadilika, mtu angejipanga. Shida ni kwamba leo ni dakika hamsini, kesho ni saa mbili na robo, kwa sababu lori limeharibika au mvua imenyesha na maji yamejaa Jangwani. Mwenye miadi isiyosamehe, kama mlinzi wa zamu, muuguzi, au kibarua anayefungiwa geti saa moja na nusu asubuhi, hawezi kupanga kwa wastani. Lazima apange kwa siku mbaya kuliko zote. Anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kila siku ili asichelewe siku moja katika kumi. Siku tisa zilizobaki anafika mapema mno, anakaa nje ya geti akisubiri, na hakuna takwimu yoyote ya mwendo wa magari inayomhesabu kama mtu aliyecheleweshwa.

Hapa niongeze tahadhari kuhusu takwimu kubwa kubwa zinazotajwa mara kwa mara, kwamba mji fulani unapoteza mabilioni kadhaa kwa siku kutokana na foleni. Makadirio hayo hutofautiana sana, na sababu yake si kwamba kuna anayedanganya. Inategemea unahesabu nini: muda peke yake, au na mafuta; waliomo kwenye magari binafsi tu, au na abiria mia waliosimama kituoni. Inategemea pia unalinganisha na nini. Wengi hulinganisha na barabara tupu ya saa nane za usiku, jambo ambalo si la haki, kwani hakuna mji wenye shughuli ambao barabara zake ni tupu saa mbili asubuhi, na kujenga barabara za kutosha kufikia hali hiyo kungegharimu kuliko foleni yenyewe. Swali linalofaa ni kiasi gani cha foleni hii kingeweza kuondolewa kwa gharama iliyo ndogo kuliko hasara inayoleta. Kiasi hicho ni kidogo kuliko mabilioni ya kwenye vichwa vya habari, lakini kwa yule mfanyakazi wa Mbagala si kidogo hata kidogo.

Foleni inavyozaliwa

Watu hudhani kwamba foleni kubwa inatokana na magari mengi mno kupita kiasi. Ukweli ni kwamba ziada ndogo hutosha. Fikiria sehemu moja nyembamba ya barabara, ambapo njia moja inaweza kupitisha magari 30 kwa dakika. Asubuhi, kwa muda wa saa moja, magari 33 yanafika kila dakika. Ziada ni magari matatu tu, yaani asilimia kumi. Lakini matatu kwa dakika ni 180 kwa saa. Mwisho wa saa hiyo kuna magari 180 yamepanga mstari, na la mwisho litasubiri dakika sita. Kama yangefika magari 36 kwa dakika, foleni ingekuwa ya magari 360 na kusubiri dakika kumi na mbili. Weka sehemu nyembamba kama hizo nne au tano kati ya nyumbani na kazini, halafu uanze kuhesabu.

Jambo la kushangaza zaidi linafuata. Baada ya saa hiyo, tuseme magari yanayofika yanapungua hadi 24 kwa dakika. Foleni ya magari 180 itapungua kwa magari sita kila dakika, hivyo itachukua dakika 30 kuisha. Jumla, foleni imedumu dakika 90 na yamepita magari 2,700. Sasa mchukue dereva mmoja aliyefika mwanzoni kabisa, foleni ilipokuwa inaanza. Yeye mwenyewe hakusubiri chochote. Lakini nafasi aliyoichukua ilimsogeza nyuma kila aliyekuja baada yake kwa sekunde mbili. Sekunde mbili mara magari 2,700 ni sekunde 5,400, yaani dakika 90. Dereva huyo amewatwisha wenzake saa moja na nusu ya kusubiri na wala hajui, kwa sababu yeye alipita bila shida.

Hiki ndicho kiini cha uchumi wa foleni. Kila anayeingia barabarani hupima gharama yake mwenyewe, mafuta yake na muda wake, na hapimi gharama anayowaachia wengine. Mwingereza Arthur Pigou aliliandika tatizo hili mwaka 1920, na William Vickrey, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akihimiza miji itoze barabara kwa saa za msongamano. Si kwamba madereva ni watu wabaya. Barabara ni kitu ambacho mtu hukitumia kana kwamba ni bure, wakati kwa jirani si bure.

Na hapa lazima tuseme jambo kuhusu nafasi. Gari dogo lenye mtu mmoja huchukua nafasi barabarani karibu nusu ya ile inayochukuliwa na basi dogo lenye watu thelathini. Wote husubiri kwa usawa kwenye taa zilezile. Ukihesabu magari, foleni inaonekana kuwa ya magari madogo. Ukihesabu watu, wengi wa wanaosubiri wamo kwenye daladala, ambao ndio waliochangia kidogo zaidi katika kuisababisha.

Kwa nini daladala halipo unapolihitaji

Sehemu hii ndiyo inayoleta malalamiko mengi zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Daladala lilipata jina lake wakati nauli ilikuwa sarafu ya shilingi tano, iliyoitwa dala. Nauli imebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini mfumo wa biashara katika magari mengi haujabadilika sana. Mwenye gari hudai kiasi maalumu kila siku, kinachoitwa hesabu. Dereva na kondakta wakishatoa hesabu na kujaza mafuta, kinachobaki ndicho riziki yao. Hesabu haipungui kwa sababu ya foleni.

Tufanye mfano. Gari la viti 30 hufanya kazi saa 14 kwa siku. Barabara ikiwa wazi, safari moja pamoja na kupakia ni saa moja. Kwenye foleni ni saa mbili. Kama saa sita kati ya 14 ni za msongamano, gari litafanya safari 8 kwenye saa tulivu na 3 tu kwenye saa za msongamano. Jumla ni 11 badala ya 14. Tuseme kila safari huingiza kwa wastani shilingi 18,000, hesabu ni 90,000, na mafuta ni 70,000, ambayo hayapungui sana kwa kuwa yaliyookolewa kwa kutembea kidogo yameliwa na injini iliyosimama ikinguruma. Bila foleni, dereva na kondakta wangebaki na 92,000. Kwa foleni wanabaki na 38,000. Safari tatu tu zimepotea, na riziki yao imeshuka kwa zaidi ya nusu.

Athari kwa abiria aliye kituoni ni kubwa vilevile. Safari ikichukua muda mara mbili, magari ishirini yanafanya kazi ya magari kumi. Magari hayajapungua, leseni ni zilezile, wamiliki hawajayaficha. Yamo njiani, yamekwama. Foleni huondoa nusu ya magari ya abiria saa ileile ambayo abiria ni wengi kuliko saa zote. Ndiyo maana watu hugombania mlango na wengine kupitia dirishani, na ndiyo maana wengine wameamua kugeuza: kupanda gari linaloelekea upande usio wao, kwenda nalo hadi mwisho wa njia, na kurudi nalo wakiwa wamekaa. Anayegeuza kila asubuhi hulipa nauli mbili kwa safari moja. Katika mfano wetu ni shilingi 600 za ziada kwa siku, shilingi 15,600 kwa mwezi, kwa ajili ya kiti ambacho nauli ya kwanza ilipaswa kukilipia.

Kutokana na hesabu hiyohiyo huzaliwa makosa mawili ambayo Mamlaka huyashughulikia kila mara. La kwanza ni kukatisha ruti. Dereva anayekabiliwa na saa mbili za foleni kwa shilingi 18,000 huona kwamba akiwashusha abiria nusu ya njia, pale foleni inapoanzia, na kugeuza, atapata mizigo miwili ya abiria kwa muda uleule. Abiria aliyeshushwa hupanda gari la pili na kulipa tena. Safari ya 600 imekuwa ya 1,200. Mwandishi wa makala haya ameshashushwa hivyo jioni moja ya mvua kwa maelezo kwamba gari limeharibika, na baada ya dakika kumi akaliona gari lilelile likirudi limejaa, taa zote zinawaka, likionekana kuwa na afya njema kabisa.

Kosa la pili ni kuwakataa wanafunzi. Mwanafunzi hulipa shilingi 200 mahali ambapo mtu mzima hulipa 600. Gari linapofanya safari nyingi, tofauti hiyo humezwa. Safari za asubuhi zikiwa tatu tu, kondakta huanza kuhesabu kila nafasi, na mtoto aliyevaa sare huonekana kama hasara ya shilingi mia nne. Tunaeleza sababu hizi si kwa nia ya kuzihalalisha. Kukatisha ruti ni kosa, na kumkataa mwanafunzi ni kosa, hata kama foleni ingefika hadi Chalinze. Lakini adhabu peke yake haitamaliza tabia ambayo foleni huilipa kila asubuhi, na itakuwa si uaminifu kumwambia abiria vinginevyo.

Gharama hufika hata kwa asiyesafiri

Nchi yetu huagiza mafuta yote kutoka nje. Gari dogo la petroli likisimama huku injini inawaka huunguza kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Lori kubwa hufikia karibu lita tatu. Mafuta hayo hayamfikishi mtu popote. Pia mwendo wa kusimama na kuondoka humaliza klachi na breki, na gharama hizo huingia katika vitabu vya msafirishaji.

Malori yanayotoka bandarini kuelekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita katika barabara hizohizo ambazo daladala hupita, hasa Barabara ya Mandela. Saa ambazo lori linakaa mjini hulipiwa na mwenye mzigo, na mwenye mzigo huzirudisha kwa mnunuzi. Mfuko wa saruji, katoni ya sabuni na kreti ya nyanya vyote hubeba kipande cha foleni ndani ya bei yake. Bandari Kavu ya Kwala mkoani Pwani ilianzishwa kwa sababu hii: mizigo itoke bandarini kwa reli na malori yaipakie nje ya jiji.

Barabara pana zaidi?

Jibu la kwanza ambalo kila mtu hulitoa ni kujenga. Jiji limejenga. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, Daraja la Mfugale pale Tazara mwaka 2018, na Daraja la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Aliyewahi kukaa kwenye makutano ya Ubungo kabla ya hapo hahitaji kuambiwa faida yake.

Lakini foleni ina tabia mbili ambazo ujenzi peke yake hauzimalizi. Kwanza, ukifungua sehemu nyembamba, magari huwahi kufika kwenye sehemu nyembamba inayofuata. Pili, barabara ikiwa nyepesi huwarudisha watu waliokuwa wameikwepa: aliyekuwa anaondoka alfajiri sasa anaondoka saa moja, aliyekuwa anapanda basi sasa anatoka na gari lake, na aliyekuwa hajenge Kibaha sasa ananunua kiwanja. Mmarekani Anthony Downs alilieleza jambo hili tangu mwaka 1962. Faida ipo, kwani watu wengi zaidi wanasafiri kwa saa wanazozitaka. Ila foleni yenyewe hurejea.

Njia ya pili ni kuwapa mabasi njia yao. Mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Msingi wake kiuchumi ni rahisi: basi moja refu la mita 18 hubeba zaidi ya abiria mia moja, na likiwa na njia ya peke yake halisubiri nyuma ya gari lenye mtu mmoja. Hivyo idadi ya safari kwa siku, ambayo tuliona ndiyo roho ya biashara ya daladala, hailiwi na foleni. Faida hii hupotea mara mbili: pale magari mengine yanapoingia katika njia ya mabasi, na pale mabasi yenyewe yanapokuwa machache kuliko abiria. Njia iliyo wazi isiyo na basi haimfikishi mtu kazini. Abiria wanaolalamika kusubiri muda mrefu kwenye vituo vya mwendokasi wana hoja ya msingi, na hoja hiyo ni ya kiuchumi kama ilivyo ya ustaarabu.

Njia ya tatu ni kutoza barabara. Singapore ilianza mwaka 1975, London mwaka 2003, na Stockholm ilifanya majaribio mwaka 2006 kabla ya kuifanya kuwa ya kudumu mwaka uliofuata. Stockholm magari yaliyovuka mpaka wa eneo la tozo yalipungua kwa takribani asilimia ishirini, na kwa hesabu tuliyoiona hapo juu, punguzo kama hilo linatosha kuondoa foleni iliyosababishwa na ziada ya asilimia kumi. Hata hivyo miji hiyo ilikuwa na usafiri wa umma wa kuaminika, au iliuongeza, kabla mtu hajatozwa. Maoni ya mwandishi, ambayo si msimamo wa Mamlaka, ni kwamba kumtoza mtu anayeendesha gari kabla ya kumpatia basi la kupanda ni kumwadhibu tu.

Abiria afanye nini, na amwendee nani

Abiria wengi hupoteza muda kwa kupeleka lalamiko mahali pasipohusika. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za mitaa zipo chini ya TARURA. Magari yanayoziba makutano au kuegeshwa ovyo ni kazi ya Polisi wa Usalama Barabarani. Huduma ya mabasi yaendayo haraka husimamiwa na Wakala wake, DART. Leseni ya gari la abiria, ruti yake, nauli yake na mwenendo wa wahudumu wake ni kazi ya Mamlaka. Kwa hiyo Mamlaka haiwezi kukuondolea foleni ya leo jioni. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha foleni haigeuzwi kuwa kisingizio cha kukutoza mara mbili.

Gari likikatisha ruti, una haki ya kudai ufikishwe mwisho wa njia iliyoandikwa kwenye gari, au upatiwe gari jingine bila kulipa tena, au urudishiwe nauli yako. Chukua namba ya usajili ya gari, mahali uliposhushwa, saa, na ruti. Dai tiketi tangu mwanzo, maana bila tiketi lalamiko lako litasimama juu ya neno lako dhidi ya neno la kondakta. Kisha piga namba ya bure iliyochapishwa kwenye jalada la nyuma la kijitabu hiki, au fika ofisi ya Mamlaka iliyo karibu. Lalamiko moja linaweza kuonekana dogo; malalamiko kumi kuhusu ruti moja, katika eneo moja, saa ileile, hutuonesha mahali pa kuweka wakaguzi. Mzazi ambaye mwanawe anakataliwa kituoni afanye vivyo hivyo, na aandike jina la kituo.

Anayetumia teksi za mtandao afahamu kwamba malipo mengi ya safari hizo hukokotolewa kwa umbali na kwa dakika pamoja. Kilomita nane zikitembelewa kwa saa moja na nusu zitagharimu zaidi kuliko kilomita nane za dakika ishirini, bila dereva kuwa amefanya udanganyifu wowote. Soma makadirio kabla ya kuthibitisha, na kama kiasi cha mwisho kimepita makadirio kwa kiwango kikubwa, hifadhi picha ya skrini zote mbili.

Mwisho, upo mkutano wa wadau ambao Mamlaka huuitisha kabla ya kubadilisha nauli. Wamiliki wa mabasi hufika wakiwa na majedwali: bei ya mafuta, bei ya tairi, idadi ya safari kwa siku. Idadi hiyo ya safari, ambayo foleni huipunguza, ndiyo inayosukuma nauli inayoombwa kuelekea juu, na abiria wana haki ya kuihoji: ni ruti ipi, ni saa zipi, na gari liligeuzia wapi. Abiria hufika wachache, na wengi wao huzungumza kwa uchungu lakini bila takwimu. Njoo na daftari. Andika kwa wiki mbili saa uliyofika kituoni, saa uliyopata gari, saa uliyoshuka, kiasi ulicholipa, na kama gari lilifika mwisho wa njia. Kurasa mbili za namna hiyo zinasomwa mezani sawasawa na jedwali la mwenye basi, na taarifa ya tarehe na mahali pa mkutano hutangazwa kwenye magazeti na redio kabla ya siku yenyewe.